Nta ya sikio: njia sita nilizozilipia, na ile niliyompeleka mama

Mimi ni fundi injini, gereji yetu iko Ilala, na huu ni mwaka wa 22 niko kwenye kazi hii. Nusu ya kazi yangu ni mikono, nusu ni masikio. Gari likiletwa linagonga, nachukua bisibisi ndefu, ncha naigusisha kwenye injini, mpini naukandamiza sikioni, halafu nahama nayo taratibu: pampu ya maji, alteneta, kifuniko cha tapeti. Beringi iliyokufa inasaga kama mtu anatafuna mchanga. Tapeti iliyolegea inagonga kikavu, tiki-tiki-tiki, na ukikanyaga mafuta nayo inaongeza kasi. Hivyo ndivyo ninavyolisha watoto.

Mwaka jana, katikati ya masika, nilitoka kuoga asubuhi nikakuta sikio la kulia limeziba. Nikadhani ni maji. Nikainamisha kichwa, nikaruka kwa mguu mmoja, hakikutoka kitu. Sauti yangu mwenyewe ikawa inavuma kichwani kama niko ndani ya pipa. Siku ya tatu ikaletwa Noah yenye mlio. Nililizunguka lile gari mara nne, na kila niliposimama mlio ulikuwa unatoka kushoto kwangu, maana sikio lililokuwa linasikia ni la kushoto. Bisibisi nayo ikawa inavuma tu, kila sehemu inafanana na nyingine. Nikamwambia mteja ni tapeti. Tukafungua, tukarekebisha, tukafunga, mlio uko palepale. Ilikuwa beringi ya pampu ya maji. Nilimrudishia mteja hela yake yote, na aliyenionyesha kosa ni kijana ninayemfundisha kazi.

Kuanzia siku hiyo hadi sikio lilipofunguka nilitumia zaidi ya shilingi 150,000, na sehemu kubwa ya hela hiyo ilipotea bure. Ndiyo maana naandika kirefu. Majina ya maduka na zahanati sitayataja, kwa sababu nesi wa leo kesho kahamishwa, duka la leo kesho limefungwa, lakini njia inabaki ileile. Kipimo changu ni kimoja, na nimekitoa gereji: hakuna anayeruhusiwa kushika spana kabla hajafungua boneti akaangalia. Kwa hiyo kila njia nimeiuliza hivi: je, kuna mtu aliyeangalia ndani ya sikio kabla ya kuingiza kitu?

Nianze na pamba za masikio, zile za vijiti, pakiti shilingi 1,500. Hizi ndizo zilizonifikisha hapo. Kila jioni nikirudi na vumbi la gereji nilikuwa nazungusha kijiti kimoja kila sikio. Pamba ilitoka ya kahawia, nami nikaridhika kwamba nimesafisha. Baadaye nilikuja kuelewa kilichokuwa kinatokea. Kidogo kilichoshika kwenye pamba kilitoka, kilichobaki kikasukumwa ndani, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka kikashindiliwa kama baruti kwenye gobore.

Binti yangu anasoma uuguzi. Alinikalisha siku moja sebuleni akanieleza kitu ambacho sikuwahi kuambiwa na mtu maisha yangu yote. Akasema, "Baba, ile siyo taka. Sikio linaitengeneza lenyewe kwa kazi maalumu." Nta inanasa vumbi, inazuia maji yasiloweshe ngozi, na uchachu wake unawazuia bakteria na fangasi. Inatengenezwa kwenye theluthi ya nje tu ya tundu la sikio. Ngozi ya ndani ya tundu nayo haikui kama ya mkono, inasafiri polepole kutoka kwenye kiwambo, ile ngoma ya ndani ya sikio, kwenda nje, na ukitafuna au ukiongea taya linasaidia kuisogeza. Nta inabebwa na ngozi hiyo mpaka mlangoni, inakauka, inadondoka. Kwa hiyo nta ikikutwa imejazana ndani kabisa karibu na kiwambo, mara nyingi kuna aliyeisukuma. Kwangu mimi aliyeisukuma ni mimi.

Vijiti hivyo vilibuniwa Marekani mwaka 1923 na mtu aitwaye Leo Gerstenzang, na hadi leo pakiti nyingi zimeandikwa wazi kwamba visiingizwe ndani ya tundu la sikio. Nilikwenda kuisoma pakiti yangu. Maandishi yapo, madogo, upande wa chini. Binti akanionyesha pia hesabu ya huko huko Marekani: kati ya mwaka 1990 na 2010, watoto wanaokadiriwa kufika 263,000 walipelekwa idara za dharura kwa kuumizwa masikio na vijiti hivi. Ninawaza nyumba zetu, mtoto wa miaka mitatu anajichokonoa kwa kumwiga mama yake. Na sisi tuna zaidi ya pamba. Tuna njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu, chupio ya nywele, ufunguo wa pikipiki, na unyoya wa kuku ambao bibi yangu aliusifu kuliko vyote. Vyote ni ukoo mmoja. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, halafu limepinda. Hakuna anayejua ncha imefika wapi mpaka imeuma.

Gereji walinipa ushauri wa bure ambao lazima niuseme, kwa sababu najua unafanyika kwingine. Kijana mmoja aliniambia, "Mzee, tega sikio nikupulizie upepo wa kompresa kidogo tu, linafunguka." Upepo ule unang'oa rangi kwenye bodi la gari. Ukiingia sikioni unaweza kupasua kiwambo papo hapo. Nilimkataza, na siku hiyo hiyo nikawakusanya wote nikawakataza. Na mafuta ya taa sikioni, na mafuta ya nazi yaliyochemka, na maji ya kitunguu saumu, hayo nayo yanaunguza ngozi ambayo ni laini sana. Nimeona mtu sikio limevimba mpaka tundu limejifunga.

Njia ya pili, mshumaa wa sikio. Mke wangu alisikia kutoka kwa rafiki yake kwamba kuna saluni inafanya, shilingi 30,000 kwa masikio yote mawili. Unalazwa kwa ubavu, wanakusimamishia bomba la kitambaa kilichopakwa nta ya mshumaa sikioni, wanaliwasha juu. Wanasema joto linavuta uchafu. Dada aliyenihudumia alikuwa mpole kweli, chumba kisafi, muziki wa taratibu, taulo jeupe. Ukiisha kuungua anakata kile kipande kilichobaki anakufungulia, ndani kumejaa ungaunga wa kahawia na vipande vya nta. Nilishangaa wingi wake. Lakini sikio lilikuwa limeziba vilevile.

Nikamwomba aniuzie mshumaa mmoja ambao haujawashwa, akanipa. Jioni nikausimamisha kwenye mdomo wa chupa tupu ya soda, nikauwasha, nikausubiri mpaka alama ileile, nikaukata. Ndani kulikuwa na ungaunga uleule wa kahawia na vipande vilevile. Chupa ya soda haina nta. Kile wanachokuonyesha ni mshumaa wenyewe ulioungua. Watafiti wameshapima pia, hakuna mvuto wowote unaotokea, na wakati mwingine nta ya moto inadondokea ndani juu ya kiwambo. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2017 unasema waziwazi usitumike. Tena hakuna aliyeniangalia ndani, kabla wala baada. Nilirudi saluni kumweleza yule dada nilichokiona kwenye chupa. Alinisikiliza. Sijui kama wameacha.

Ya tatu ni kamera ya sikio. Hii niliiagiza mtandaoni, 38,000 pamoja na kuletewa. Ni kalamu nyembamba, mwisho wake una kijicho cha kamera na taa, juu yake unachomeka kijiko kidogo cha plastiki, picha inakuja kwenye simu kwa waifai. Hapa nitakuwa mwangalifu, kwa sababu kifaa hiki kina faida moja ya kweli. Kwa mara ya kwanza niliona. Sikio la kushoto lilikuwa na ngozi ya waridi, na mwisho kabisa kitu kinachong'aa kama karatasi ya nailoni, hicho ndicho kiwambo. La kulia lilikuwa na ukuta mweusi wa kahawia, umejaa kuta hadi kuta, na juu yake nyuzi nyeupe za pamba zimenata. Ile picha ilinifunga mdomo. Nimekaa nayo kwenye simu hadi leo, nawaonyesha vijana.

Balaa lilianza nilipotaka kutumia kile kijiko. Kwenye kioo cha simu hakuna umbali. Unaona kijiko kimegusa nta kumbe bado, unaona bado kumbe kimefika. Ukisogeza mkono kulia, picha inakwenda kushoto. Nilipogusa ukuta wa tundu nikapata kikohozi cha ghafla, na mkono ukaruka na kijiko kikiwa ndani. Daktari alinieleza baadaye kwamba kuna tawi la mshipa wa fahamu linalopita kwenye ngozi ya sikio, ni la mshipa uleule unaofika kooni, ndiyo maana baadhi ya watu wakiguswa ndani ya sikio wanakohoa. Sasa fikiria unakohoa huku umeshika kijiko milimita chache kutoka kwenye kiwambo. Kilinikwaruza, damu kidogo ikatoka, maumivu siku mbili. Nilivunja vijiko vyote nikavitupa. Kamera nimebaki nayo kwa kuangalia tu, mlangoni tu, siisukumi ndani. Kama unainunua kwa kutolea nta, hela yako ipeleke kwingine.

Ya nne, zahanati. Shilingi 10,000, kusafisha kwa bomba la sindano. Nilifika asubuhi, foleni ndefu, nesi mmoja ana chumba cha sindano, vidonda na masikio. Simlaumu kwa moyo wake, alikuwa amechoka na bado anacheka na watoto. Namlaumu kwa jambo moja. Hakuangalia. Sikuulizwa kama sikio limewahi kutoa usaha, kama limewahi kupasuka, kama linauma, na mkwaruzo wa kamera ulikuwa bado mbichi. Alichota maji kwenye ndoo, yalikuwa ya baridi, akajaza bomba, akayapiga moja kwa moja ndani.

Sekunde chache na chumba kikaanza kuzunguka. Si kizunguzungu cha njaa. Ukuta ulikuwa unakimbia upande mmoja, na kila nilipokaza macho ulikuwa unaanza upya. Nilishika kona ya meza kwa mikono miwili. Nikatapika kwenye kile kibakuli kilichowekwa kukinga maji ya sikio. Dakika chache ikatulia, lakini mwili ulikuwa umelegea mpaka mchana, na sikio halikufunguka.

Kumbe jambo hili linajulikana zaidi ya miaka mia. Kulikuwa na daktari wa masikio huko Vienna, Robert Bárány, aliyegundua kwamba wagonjwa anaowasafisha masikio kwa maji ya baridi wanapata kizunguzungu, na ya moto kupita kiasi vilevile, ila kizunguzungu kinageuka upande. Ndani ya sikio kuna mirija ya maji inayoupa mwili habari za kuinama na kugeuka, na joto au baridi vikifika pale maji yale yanatembea kana kwamba kichwa kimegeuka. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Kwa hiyo maji ya kusafishia sikio yanatakiwa yawe na joto la mwili, nyuzi 37. Ni kupima tu. Sisi gereji tunapima joto la maji ya rejeta kila siku.

Maji ya bomba siyo mabaya yenyewe, nisieleweke vibaya. Yakifanywa kwa utaratibu yanatoa nta nyingi: nta ilainishwe kwanza siku kadhaa, sikio la mtu mzima livutwe juu na nyuma ili tundu linyooke, maji yaelekezwe kwenye ukuta wa juu yakapite pembeni ya nta na kuisukuma kutoka nyuma, si kuipiga usoni. Uingereza mwongozo wao wa mwaka 2018 hautaki tena bomba la kusukuma kwa mkono kwa watu wazima, wanatumia pampu ya umeme yenye kipimo cha nguvu. Na kuna watu ambao maji hayatakiwi kabisa: mwenye kiwambo kilichotoboka, aliyefanyiwa upasuaji wa sikio, mwenye sikio linalotoa usaha, na mwenye sikio moja tu linalosikia.

Ya tano ndiyo niliyotakiwa kuanza nayo. Matone. Mfamasia wa pale karibu na kituo cha daladala aliniuliza maswali manne kabla ya kunipa kitu: linauma? Linatoa maji au usaha? Limewahi kupasuka? Umefanyiwa upasuaji? Nikamweleza na mkwaruzo, akaniambia nisubiri wiki nzima upone kwanza, nisiweke chochote. Mtu anayekataa kukuuzia leo ni mtu wa kumrudia. Niliporudi alinipa matone ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5, shilingi 5,000. Chupa unaishika mkononi dakika chache ipate joto la mwili, unalala kwa ubavu, matone manne au matano, unakaa hivyo dakika tano hadi kumi, unakaa wima unafuta kinachotoka. Mara mbili au tatu kwa siku, siku tatu hadi tano. Yapo mengine, mafuta ya zeituni safi, ama yenye haidrojeni peroksaidi ambayo yanachemka sikioni kama soda. Binti yangu alitafuta tafiti zilizolinganishwa pamoja mwaka 2018, hazikuonyesha kwamba aina moja inaishinda nyingine. Kwa hiyo usidanganyike na ya bei kubwa.

Jambo moja hawakuniambia nami nawaambia: siku ya pili nilisikia vibaya zaidi. Nta ikinywa maji inavimba kabla ya kuachia. Nusura niache. Lakini hili nalijua kutoka kwenye kazi yangu. Nati iliyoshika kutu ukiilazimisha kwa spana inakatika kichwa, ukiimwagia kilainisho ukaiacha usiku kucha, asubuhi inafunguka kwa mkono mmoja. Nikavumilia. Watu wengine matone peke yake yanamaliza kazi. Kwangu mimi yalilainisha, siku ya tano nilianza kusikia kidogokidogo, lakini ukuta ulikuwa bado.

Nikaenda kliniki ya masikio, pua na koo. Shilingi 70,000, kumwona daktari na kusafishwa. Ni hela nyingi, siku tatu za kazi kwa kijana wangu wa gereji, na bei haikubandikwa popote mpaka ufike dirishani. Nilikaa foleni saa mbili na nusu kwenye benchi lisilo na mgongo. Haya ni malalamiko yangu kwao na niliwaambia.

Lakini kilichofanyika ndani ya chumba kile sijakiona kwingine. Daktari aliuliza maswali kama ya mfamasia, akaongeza kisukari. Akaangalia sikio zima kwanza, halafu bovu. Akaniambia, "Kaka, naingiza kifyonzio, kitapiga kelele, ukisikia maumivu au kizunguzungu inua mkono, naacha papo hapo." Akakaa kwenye hadubini kubwa yenye mkono, macho yote mawili yameegemea, taa imeingia sikioni. Kwa hadubini ile anaona umbali, kitu ambacho kamera yangu haikuwa nacho. Kifyonzio ni kibomba chembamba cha chuma. Kelele yake ni kubwa kweli, kama kompresa inayovuja imewekwa ndani ya fuvu. Mara moja niliinua mkono, na aliacha kama alivyoahidi. Kama dakika kumi hivi. Kisha nikasikia mlio mdogo, *tup*, na dunia nzima ikaingia: feni ya dari, nesi anapanga vyuma kwenye sinia nyuma yangu, honi ya bajaji barabarani. Nilisikia ziko nyuma, na nilisikia ni upande wa kulia.

Alinionyesha kilichotoka, juu ya kipande cha shashi. Ukubwa wa punje ya kunde, cheusi, na ndani yake pamba yangu ya miezi mingi imesukwa kama kamba. Akaangalia tena kiwambo, akanionyesha kwenye kioo kwamba ni kizima. Hakuniuzia dawa yoyote. Aliniambia ninawe sikio la nje kwa kidole na taulo tu, nisilijaze maji siku chache, na nisichokonoe tena maisha yangu yote. Pakiti mbili za pamba zilizobaki nyumbani nilizipeleka gereji, tunasafishia soketi za sensa.

Nikiwa kwenye foleni niliona mama mmoja na mtoto wa miaka minne hivi aliyeingiza haragwe sikioni. Nyumbani walikuwa wamemwagia maji ili litoke. Haragwe likanywa maji likavimba, na mtoto alikuwa analia kwa namna ambayo watu wote kwenye benchi walinyamaza. Jamani, nafaka ikiingia sikioni usiweke maji. Na kama ni betri ndogo ya saa, hiyo usisubiri hata asubuhi, inaunguza. Daktari aliniongezea jingine nilipokuwa natoka: mtu akipoteza usikivu wa sikio ghafla, ndani ya siku moja au tatu, asidhani ni nta akakaa nyumbani anaweka matone wiki nzima. Akaangaliwe mara moja, kwa sababu kama si nta, kuna tiba ambayo muda ukipita haisaidii tena.

Sasa mama. Mama yangu ana miaka 74, yuko Pangani, ana kisukari. Kwa muda mrefu tulishakubaliana kwamba uzee umemfika masikioni. Ukimwita hageuki, redio iko juu mpaka majirani wanajua taarifa ya habari, kwenye shughuli anakaa pembeni anatabasamu tu kwa sababu hafuati maongezi. Mimi mtoto wake nilikuwa nimeacha kumsimulia mambo marefu. Hilo linaniuma kuliko ile Noah. Binti yangu ndiye aliyeniambia kwamba ule mwongozo wa Marekani unahesabu zaidi ya theluthi ya wazee kuwa na nta iliyoziba, kwa sababu uzeeni nta inakauka na safari yake ya kutoka nje inazidi kuwa ya polepole. Nikapanda basi kwenda kumchukua.

Tulianza na mafuta ya zeituni siku tano nyumbani kwangu, nikimwekea mwenyewe asubuhi na jioni, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Kliniki daktari aliposikia kisukari akasema maji hapana, kwa sababu tundu likibaki na unyevu na ngozi ikakwaruzika, mwenye kisukari anaweza kupata maambukizi mabaya yanayoingia hadi kwenye mfupa. Akatumia kifyonzio na ndoano ndogo, akisimama kila mara kumuuliza, "Bibi, tuendelee?" Naye anaitikia kwa kichwa. Masikio yote mawili yalikuwa yameziba. Nusu saa. Baadaye alipimwa usikivu, na ni kweli uzee umechukua sehemu yake, sauti nyembamba hazisikii vizuri, huenda baadaye akahitaji kifaa. Masikio hayakurudi ya usichana na hatukuahidiwa hivyo. Tumepangiwa kurudi baada ya mwaka, aangaliwe tena.

Tulifika nyumbani jioni, nikamketisha barazani nikaingia ndani kumchukulia maji. Nyumba ya pili kulikuwa na binti anapika. Nikasikia mama ananiita kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake kwa miaka, kwa sababu alikuwa ameshazoea kupayuka.

"Mwanangu," akasema, "nani anakuna nazi?"